Shemeji Asiyesemeshwa

Ukoo ulikuwa umekwisha kata shauri: mashua ikishindwa tena mwaka huu, inakwenda hotelini. Wala si kwenda kubeba watalii, afadhali ingekuwa hivyo. Inakwenda kuwa meza. Mwenye hoteli ya ng'ambo ya ghuba alishakuja kuipima kwa kamba, akasema itaenea vizuri ukumbini, mapapai yapangwe huku na mikate ya asubuhi kule. Baba Tiarma, nahodha wake, aliposikia neno "mapapai" alitoka kikaoni bila kuaga, akaenda kukaa ndani ya mashua peke yake mpaka mkewe alipokwenda kumtoa kwa sahani ya wali na maneno makali.

Haki yake kuumia. Mashua ile iliundwa na marehemu baba yake kwa mti ulioteremshwa kutoka mlimani kwa kamba na nyimbo, na zamani hakuna kijiji kisiwani Samosir, ndani ya Ziwa Toba, ambacho hakikuwahi kuuona mgongo wake ukitokomea mbele. Lakini hayo ya zamani. Siku hizi, kila sherehe ya ziwa, katika mashindano ya wanawake, ukoo huo, akina Sihaloho wa kijiji cha Sosor, walikuwa wanafika wakati wenzao wa kijiji cha Bolak wamekwisha vaa nguo kavu. Nahodha wa Bolak, Baba Torang, alikuwa na tabia ya kuwangojea ufukweni na kuwauliza kama njiani kulikuwa na foleni.

Mwaka huu wanawake wa Sosor walijifua hasa. Halafu, sherehe ikiwa imebisha hodi, Mama Poltak, ambaye ndiye mkono wa nguvu wa upande wa kulia, akateleza shambani kwenye vitunguu na kuteguka kiwiko. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, husema watu. Waseme wao. Koleo la Baba Tiarma lilikuwa hilo moja.

Basi ndipo usemi ule mwingine ulipotimia, mgeni njoo mwenyeji apone. Mama Tiarma alikuwa na vyumba vya kupangisha wasafiri, na katika kimoja walilala mtu na mkewe kutoka Slovenia, nchi ndogo ya milima huko Ulaya. Mume aliitwa Gorazd, mwembamba, mpole, kichwa kimeanza kuota upara. Mke aliitwa Alenka. Walikuja kwa nia ya kulala siku mbili walione Ziwa Toba wapite zao, lakini tumbo la Gorazd lilikutana na pilipili yetu ya mwituni, likamlaza, wakabaki. Lugha ya nchi walikuwa wameiokota sokoni na melini, wakiisema kwa kujikwaa lakini bila haya.

Asubuhi moja Alenka aliomba mtumbwi mdogo wa kuvulia, akapiga kasia mpaka rasini na kurudi, upepo ukimjia usoni, na kahawa aliyoiacha mezani ilikuwa bado ya moto. Baba yake alikuwa mvuvi wa ziwa la milimani kama sisi. Mama Tiarma alisimama mlangoni na ungo mkononi, mchele ukamwagika.

"Baba Tiarma! Baba Tiarma, njoo uone mabega!"

"Mabega ya nani?"

"Ya mgeni. Usiyaangalie sana. Yaangalie kama nahodha."

Aliyaangalia kama nahodha, na moyo ukamruka. Lakini kuna kanuni, na kanuni hiyo ni ya zamani kuliko kanisa: mashua ya ukoo hupigwa kasia na mabinti wa ukoo na wake wa ukoo. Mtu wa nje hapandi. Kwa hiyo ili Alenka apande, ilibidi mumewe awe Sihaloho. Hilo si jambo la ajabu kwetu. Mtu hupewa ukoo, kwa heshima, mbele ya watu, akalishwa samaki mzima na kuvishwa shuka la ulos, na tangu hapo ana baba, ana mashangazi, na ana wa kumdai michango ya harusi.

Mama Tiarma, ambaye akili yake hutangulia miguu, alimshika mumewe mkono jikoni kabla ya shughuli. "Sikiliza. Mfanye kaka yako. Kaka mkubwa. Umesikia? Mkubwa."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Mama Tiarma, mimi si mtoto."

Hakurudia. Na hapo ndipo penye kisa chote, kwa sababu kiburi cha Baba Tiarma kilikuwa kikubwa kuliko kimo chake, na kimo chake, tuseme ukweli, hakikuwa cha kutisha.

Shughuli ilifana. Watu walijaa, Bibi Bonar mwenyewe alikuja, mzee wa ukoo unaotuoza mabinti zake, ambao ndio tunaowaheshimu kuliko wote maana baraka zinatoka kwao. Samaki aliletwa amelala na kichwa chake na mkia wake. Tembo lilimiminwa. Baba Tiarma alipiga glasi, akapiga nyingine, akasimama na shuka mikononi. Gorazd alipiga magoti mbele yake na ule upara, amejaa unyenyekevu, na watu wakamtazama Baba Tiarma kwa namna ambayo hakuwa ametazamwa tangu mashua ilipoanza kushindwa. Akajiona mkubwa. Sasa mtu akijiona mkubwa hivyo, mbele ya watu wote, atamwambiaje mtu aliyepiga magoti, "Karibu, kaka yangu mkubwa"? Kinywa kilikataa.

"Kuanzia leo," alinguruma, "huyu ni mdogo wangu! Mdogo wangu wa tumbo moja! Horas!"

"Horas! Horas! Horas!" nyumba ikaitikia salamu yetu ya heri.

Mama Tiarma aliyekuwa ameshika sahani ya wali aliiweka chini taratibu sana.

Maana kwetu mke wa kaka mkubwa ni mtu wa kutaniana naye mpaka mbavu zikuume. Mke wa mdogo wako ni habari nyingine kabisa. Humsemeshi. Humgusi. Hukai naye mkeka mmoja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe ingia matopeni. Na huyo sasa ndiye aliyekuwa mpiga kasia wake bora.

"Mdomo umeponza kichwa," alisema Mama Tiarma walipobaki wawili. "Hukuweza kuwa mdogo hata kwa wiki moja? Hata kwa ajili ya mashua ya baba yako?"

"Yule hana hata ndevu."

"Na wewe huna hata akili! Utamwongozaje? Utamwambiaje 'vuta'? Utampigia mluzi kama mbwa?"

Baba Tiarma akajitupa kitandani. Tembo lote lilimtoka kichwani kwa mara moja. Kubadilisha haikuwezekana, samaki ameliwa, shuka limevishwa, na baraka ya Bibi Bonar haichezewi. Alilala ameukabili ukuta, amejichukia.

Mazoezini walipata njia. Gorazd alipandishwa mashuani kama mkalimani. Baba Tiarma nyuma, usukani mkononi, anasema: "Mdogo wangu, mwambie mkeo asubiri wenzake." Gorazd, uso umekuwa kijani kwa mawimbi, anasema: "Alenka, subiri wenzako," kisha anainamia ukingo na kutapika. "Mdogo wangu, mwambie mkeo mkono wake mzito, apunguze." "Alenka, mkono mzito," halafu ukingoni tena. Wanawake walicheka mpaka makasia yakagongana. Alenka alikuwa amekwisha elezwa mambo yote na Mama Tiarma, na alikubali kwa heshima kubwa. Akimwona shemeji yake uani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia nyuma ya banda la kuku. Lakini mashindanoni mkalimani hapandi. Mashua ya wanawake hubeba mwanamume mmoja tu, nahodha.

Siku ya sherehe ufukwe ulifurika watu. Ngoma, mishikaki, watoto mabegani mwa baba zao, na mwenye hoteli yule yule amekuja na mafundi wake wawili kabisa, ana haraka na meza yake. Baba Tiarma alimwona akampa mgongo. Kisha Baba Torang wa Bolak akaja akitembea kwa madaha, akasimama mbele ya mashua ya Sosor.

"Ala! Sihaloho gani huyu mwenye nywele kama maganda ya vitunguu?"

"Mke wa mdogo wangu," alisema Baba Tiarma.

"Mdogo wako umempata lini? Mama yako, Mungu amrehemu, alijua?" Watu wakaangua kicheko. Baba Torang akageukia jukwaa, sauti juu. "Bibi Bonar! Mimi napinga. Huu ni ukoo wa kuazima. Leo Sihaloho, kesho kiwanja cha ndege!"

Bibi Bonar alikuwa ndiye mwamuzi, kwa kuwa vijiji vyote viwili vinaoa kwake na vyote viwili vinamwogopa. Alihamisha tambuu kutoka shavu moja hadi jingine.

"Samaki wao nilimla," alisema. "Shuka nililiona. Lakini samaki hata paka hula. Torang, neno lako lina mashiko, hata kama mdomo wako unanuka kiburi. Basi nitaangalia kwa macho yangu. Kama huyu mama ni mke wa ukoo, Jonggi atamheshimu kama mke wa mdogo wake. Akimsemesha moja kwa moja hata mara moja, akimgusa hata ukucha, basi alikuwa mgeni wa kuazima, na mashua yake imeshindwa hata ikifika kwanza. Nimemaliza."

Alipoitwa Jonggi, jina lake la utotoni, Baba Tiarma alijua mambo si mzaha. Baba Torang alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Bibi Bonar akapanda boti ya waamuzi ya kuzifuata mashua, filimbi ikalia. Makasia yakazama.

Mwanzo ulikuwa mzuri, acha nikwambie, mwanzo ulikuwa mzuri sana. Mama Tiarma mbele kabisa ndiye aliyeongoza mapigo, Alenka katikati upande wa kulia, na mashua ikanyanyua pua ikaondoka. Sosor na Bolak wakawa ubavu kwa ubavu. Watu ufukweni wakaanza kupiga mayowe. Kisha wakatoka kwenye kivuli cha rasi, na upepo wa mlimani ukawapiga.

Alenka alipoona mawimbi alifanya kile alichofundishwa na baba yake huko kwao: aliongeza nguvu. Wenzake hawakumfikia. Upande wa kulia ukauzidi wa kushoto, na mashua ikaanza kugeuka, ikielekea kwenye mashua ya Bolak. Baba Tiarma aliubana usukani kwa mwili mzima, na kila alivyoubana mwendo ulikufa. Bolak wakachomoka mbele.

"Mama Tiarma!" alipaza sauti. "Mwambie asubiri!"

"Eeh?"

"Mwambie!"

"Nimwambie nani?"

"Yeye!"

"Mwembe?" Upepo ulikuwa unayachukua maneno na kuyapeleka kwenye vitunguu.

Baba Torang alipunguza mwendo makusudi ili apate kusikika. "Mwite, bwana!" alisema, amesimama nyuma ya mashua yake kama bwana harusi. "Jina lake fupi tu! Mwite shemeji yako, mashua inazama! Mwite!"

Jina lilimfika Baba Tiarma kwenye ulimi. Naapa lilifika. Angelitamka tu, Alenka angesikia, mashua ingenyooka, na Bibi Bonar kule kwenye boti ya waamuzi angelisikia pia. Akaona mapapai. Akaona kisu cha fundi kikipita kwenye mbao za baba yake. Alitaka kulia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi ila kwake mwenyewe, kwa kinywa chake kilichokataa kusema neno moja dogo, mkubwa.

Akaipiga mashua teke kwa kisigino.

"Mashua!"

Wanawake walishtuka. Hata yeye alishtuka.

"Mashua, nasema na wewe! Wewe mti wa baba yangu, unanisikia? Hapo kulia kwako kuna mkono mzuri, mkono mzito, Mungu aubariki, lakini unakimbia peke yake! Mwambie apunguze! Mwambie asubiri wenzake!"

Mkono mzito, asubiri wenzake: maneno hayo Alenka aliyajua kama sala, mumewe alikuwa ameyatapika kwake wiki nzima. Akafupisha kasia. Akamtazama mwenzake wa mbele, akazama naye, akatoka naye. Mashua ikanyooka.

"Ahsante, mashua!" alisema Baba Tiarma. "Sasa huko kushoto kuna mtu anakoroga maji kama anapika uji. Namjua, ni dada yangu! Mwambie aweke mgongo!"

"Mashua, mwambie kaka yangu anyamaze!" alijibu dada yake, akaweka mgongo.

Kicheko kilipita mashuani kutoka nyuma mpaka mbele, na kile kicheko ndicho kilichowaunganisha, kwa sababu watu wanaocheka pamoja wanapumua pamoja. Kila alichokisema nahodha sasa kiliambiwa mashua, na kila mwanamke alikipokea kama chake. "Mashua, vuta!" Wakavuta wote. "Mashua, usimwangalie Torang, ana sura mbaya!" Wakavuta huku wakilia kwa kucheka. Mama Tiarma alianzisha wimbo, ule wa kuteremshia magogo mlimani, na mbao zikaanza kutetemeka chini ya nyayo za mumewe. Miaka yote aliyoiongoza mashua ile hakuwahi kusema nayo hata neno. Sasa machozi yalimtiririka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

Wakawafikia Bolak. Baba Torang aliacha kutabasamu, akaanza kuwafokea wanawake wake, huyu afanye hivi, yule afanye vile, wewe mvivu, wewe mzembe, mpaka mmoja akamgeukia akamwambia aje apige kasia yeye. Wakati anajibizana naye, pua ya Sosor ilimpita kwenye goti. Halafu mashua nzima ikampita, mwanamke mmoja mmoja, wote wakiimba, na wa mwisho nahodha.

"Njiani kuna foleni?" Baba Tiarma alimuuliza.

Wakaikata kamba ya bendera, mwisho wa mashindano, wakiwa wa kwanza.

Sijui nikuelezeje kelele za siku ile. Ngoma zilipigwa zote kwa pamoja bila mpango. Gorazd aliingia ziwani na viatu. Mama Poltak mwenye kiwiko kibovu alikuwa anapunga hicho hicho kiwiko kibovu. Baba Tiarma alisimama nyuma ya mashua, pumzi imemwishia, furaha imemjaa mpaka hajui aiweke wapi, akafikiri kwamba yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alenka alikuwa amesimama. Alikuwa amelowa, anacheka, analia, na furaha ilikuwa imemsahaulisha kila kitu alichofundishwa. Akageuka. Akaona ile sura ndogo ya shemeji yake kule nyuma, aliyewafikisha pale, akafungua mikono yake yote miwili, yale mabega, akaja akiruka mbao moja baada ya nyingine.

"Shemejiii!"

"Usimguse!" Mama Tiarma alipiga ukelele. "Alenka! Usimguse!"

Hakusikia. Ufukweni ngoma moja ilinyamaza, kisha nyingine. Baba Torang, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, alikiinua. Bibi Bonar alisimama kwenye boti ya waamuzi. Alenka aliruka ubao wa mwisho, mikono wazi.

Baba Tiarma alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, shuka la baba yake begani, na viatu vya kuazima. Nyuma yake hakukuwa na kitu ila ziwa, na maji ya huku juu milimani hayana huruma hata saa sita mchana.

Akajitosa.

Alenka aliukumbatia upepo, akayumba, akabaki pale mikono imeganda. Kisha akakumbuka. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kichwa cha Baba Tiarma kikaibuka kando ya mashua, shuka limemfunika kama mwali. Hakuna aliyecheka bado. Wote walikuwa wanamwangalia Bibi Bonar.

"Nilisema!" Baba Torang aliwahi. "Mmeona wenyewe! Kamwita shemeji! Huyo ni mgeni, hajui hata miiko!"

"Amemgusa?" aliuliza Bibi Bonar.

"Karibu amguse!"

"Mimi sikuuliza karibu." Bibi Bonar alitema tambuu ziwani, na watu wa Bolak walijua hapo kwamba mambo yao yamekwisha. "Na Jonggi, amemsemesha?"

"Amesemesha mashua," dada mtu alisema.

"Mashua ni ya baba yake, aisemeshe apendavyo. Torang, nisikilize, maana sitarudia. Nimezeeka nikiwaona wageni wanakuja kwenye ziwa hili. Tunawalisha, tunawachezea ngoma, tunawakumbatia, wanapanda boti wanakwenda zao. Mgeni hukumbatiwa. Wewe ulikwisha ona lini mgeni akikimbiwa mpaka mtu anajitosa ziwani na suti? Anayekimbiwa hivi ni mke wetu." Akageuka. "Sosor wameshinda. Na yule wa hoteli akanunue meza dukani. Haya, mtoeni mzee huyo majini kabla hajafa na ushindi wake."

Ndipo ufukwe ulipolipuka. Wanaume wa Sosor waliingia ziwani kumtoa nahodha wao, nao wakapata shida, maana alikuwa ameikumbatia mashua kwa mikono yote miwili na alikuwa hataki kuiachia.